Mnarudi nyumbani: gari mlisafirishe au mliuze?

Ujumbe wa leo umetoka Leicester, Uingereza, kwa mama wa watoto watatu. Nimeufupisha kidogo.

"Shikamoo. Mimi na mume wangu tumeishi huku miaka 11 na sasa tunarudi Morogoro. Nyumba tunayo. Mimi natangulia na watoto mwezi wa nane ili ikifika Januari waanze shule wakiwa wameshazoea mazingira. Mume wangu anabaki kazini kama mwaka mmoja, kisha atatufuata. Tuna gari zuri la dizeli, viti saba, tulilichukua kwa mkopo na imebaki miezi tisa kuumaliza. Mume wangu anasema tulisafirishe, maana anayerudi nyumbani hatozwi ushuru. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema tuliuze, tutapata Noah hapo hapo. Mama mkwe kila akipiga simu anauliza gari linafika lini. Imefika mahali tunanuniana kwa ajili ya gari. Nisaidie."

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa uamuzi wa kurudi. Swali lako si la kwako peke yako. Familia nyingi zinazorejea kutoka ughaibuni hukwama hapo hapo, na zinazokwenda ughaibuni nazo hukwama kwa namna yake. Ndiyo maana nimeona tulijibu hadharani.

Kwanza tuseme kweli. Gari hapa si chombo cha kusafiria tu. Mtu aliyekaa Ulaya miaka 11 akishuka uwanja wa ndege na mabegi matupu, majirani watamwuliza alikuwa akifanya nini huko. Mama mkwe anapouliza gari linafika lini, pengine hata safari hana. Anataka kuona kwamba mwanawe hakupoteza miaka yake. Hilo si kosa, ni upendo wa mzazi. Lakini mkilichanganya na hesabu, hesabu itakosewa, na watakaolipa ni watoto kwa ada zao.

Kwa hiyo tuyatenganishe mambo haya, tuyapitie moja moja.

Gari ni la nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na wanandoa wengi hulirukia la pili.

Umesema mlilichukua gari kwa mkopo. Mikopo ya magari Uingereza haifanani. Kama mlikopa fedha benki mkaenda kununua gari, gari ni lenu na deni ni la benki. Lakini mikopo mingi inayotolewa pale pale dukani ni ya aina nyingine: gari linabaki mali ya mkopeshaji hadi mlipe senti ya mwisho. Baadhi ya mikataba hiyo ina donge kubwa la kulipa mwishoni, ambalo wengi hulisahau kwa sababu malipo ya kila mwezi ni madogo. Gari la namna hiyo hamna haki ya kulitoa nje ya nchi bila ruhusa ya mwenye mali. Toeni mkataba wenu kabatini leo, muusome wote wawili, mkiwa mmekaa.

Jambo la pili ni karatasi. Wengi wanaamini kwamba jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari cha Uingereza, ile V5C, ndilo jina la mwenye gari. Sivyo. Kitabu hicho chenyewe kinaeleza kwamba kinamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, na si uthibitisho wa umiliki. Kwa hiyo stakabadhi ya kununulia, na barua ya mkopeshaji kwamba deni limekwisha, ni karatasi zenye uzito kuliko mnavyodhani.

Msamaha wa ushuru una masharti

Mume wako hakukosea kabisa. Msamaha upo. Umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na nchi wanachama wa Jumuiya zinaitumia sheria hiyo hiyo. Anayehamisha makazi yake kuja nchini anaruhusiwa kuingiza vyombo vyake vya nyumbani na gari moja bila ushuru wa forodha. Lakini tazama masharti yake.

Awe ametimiza miaka 18. Awe kweli anahamisha makazi, si kuja kusalimia. Gari awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12, na siku ambazo gari lipo melini hazihesabiwi. Gari lisiwe basi la abiria zaidi ya 13, wala la mizigo la kubeba zaidi ya tani mbili. Na mali hiyo iingie ndani ya siku 90 tangu mhusika afike, muda ambao Kamishna anaweza kuuongeza, lakini usizidi siku 360 tangu alipofika.

Sasa weka masharti hayo mbele ya familia yako. Anayehamia mwezi wa nane ni wewe. Gari, kama ninavyolielewa jambo lenu, linatumiwa na kusomeka kwa jina la baba, na baba bado anaishi na kufanya kazi Leicester. Mkilituma na wewe, ofisa wa forodha atauliza: mwenye gari amehamia lini? Mkisema mbadilishe jina liwe lako, atauliza: umelimiliki tangu lini? Na kama mkopo ni wa ile aina ya pili, atauliza pia kama kweli lilikuwa lenu kabla ya malipo ya mwisho. Hayo ni maswali halali, na ni bora myajibu mkiwa mezani kwenu kuliko gari likiwa bandarini linahesabiwa siku.

Kabla ya kulipia meli, mwandikieni Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, mkieleza hali yenu ilivyo, na mpate jibu kwa maandishi. "Rafiki yangu alipita bila shida" si jibu la maandishi.

Na hapa niwaonye kuhusu ndugu. Mara tu habari ya kurudi kwenu itakapoenea, atatokea mtu wa kusema, "Tumia jina lako, niingizie gari langu." Gari lililosamehewa ushuru likienda kwa mtu asiye na haki ya msamaha, ushuru unadaiwa. Na atakayeitwa kueleza ni mwenye jina, naye ni wewe. Kataeni kwa upole, lakini kataeni.

Msamaha ukikosekana, hesabu yake ikoje?

Nitatoa mfano mmoja kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika Tanzania kwa miaka kadhaa. Bajeti ya kila mwaka huweza kuvibadilisha kuanzia Julai mosi, kwa hiyo siku yenu ikifika fungueni kikokotoo cha TRA mtandaoni, muweke aina ya gari, mwaka, nchi linakotoka na ukubwa wa injini.

Tuseme TRA imelithaminisha gari kwa shilingi 10,000,000, pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Angalia nimesema TRA imelithaminisha, kwa maana magari yaliyotumika yana thamani zake katika mfumo wao. Usitegemee kwamba risiti yako ya bei ya kuokota ndiyo itakayotumika.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Jumla inakuwa 12,500,000. Injini ya zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000 ina ushuru wa bidhaa asilimia 5, yaani 625,000. Ikizidi cc 2000 ni asilimia 10. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, VAT, asilimia 18 ya jumla yote hiyo, ambayo ni 2,362,500. Mpaka hapo kodi ni 5,487,500.

Sasa tuseme gari lile lile, kwa thamani ile ile, lina umri wa zaidi ya miaka 10. Gari chakavu huongezewa ushuru: asilimia 15 kwa lenye miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi hapo. Asilimia 30 ni 3,750,000 nyingine, na VAT nayo inapanda kwa sababu inatozwa juu yake. Jumla ya kodi inafika 9,912,500. Karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na bado kuna tozo ndogo ndogo ambazo sikuzitia.

Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa gari si jambo dogo. Miaka miwili mitatu ya umri imegharimu zaidi ya milioni nne katika mfano huu.

Wasomaji wetu wa nchi jirani waangalie sheria za kwao. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda ilipitisha mwaka 2018 kikomo cha miaka 15 tangu kutengenezwa. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, hivyo gari la Uingereza lenye usukani wa kulia ni shida tangu mwanzo, na Rwanda ni wakali zaidi kwa hilo.

Safari yenyewe

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni meli ya magari, ambayo gari linaendeshwa kuingia na kuendeshwa kutoka. Kwa kawaida ndiyo nafuu, lakini gari huwa tupu. Wale wanaopanga kujaza masufuria na nguo kwenye buti, kampuni nyingi za meli haziruhusu, na kitu kilichoachwa ndani hakina wa kukilinda.

Ya pili ni kontena. Ni ghali zaidi, ila gari linafungiwa, na nafasi inayobaki mnaweza kuweka vyombo vya nyumbani. Kwa familia inayohama na vitanda, vitabu na mashine ya kufulia, kontena inaweza kuwa na maana kwa sababu mizigo ingelipiwa hata hivyo. Hapo gari linapanda kama abiria wa ziada.

Kwa njia zote mbili, muda si wa kuahidiana. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalifanya kampuni nyingi za meli ziache njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule chini kabisa Afrika Kusini. Safari iliyokuwa ya wiki kadhaa ikaongezeka. Usipange watoto waanze shule kwa gari ambalo bado liko baharini.

Na ombeni bei kamili kwa maandishi: nauli ya meli, bima ya safari, malipo ya bandari Uingereza, malipo ya bandari Dar es Salaam, ada ya kampuni ya meli hapa, ada ya wakala wa forodha, ukaguzi wa ubora, usajili na namba. Anayekupa nauli ya meli peke yake amekupa nusu ya habari. Ulizeni pia siku za bure za kuhifadhi gari bandarini ni ngapi, na kila siku ya ziada ni kiasi gani. Karatasi moja ikichelewa, mita inaanza kuhesabu.

Maisha mnayokwenda kuishi

Hapa ndipo ningependa mkae zaidi. Gari zuri la Leicester ni zuri kwa Leicester. Swali ni kama litakuwa zuri kwa Morogoro.

Mmesema ni la dizeli. Magari mapya ya dizeli ya Ulaya tangu Septemba 2015 yametengenezwa kwa viwango vikali vya moshi. Yana kichujio cha moshi kinachotaka safari ndefu za mwendo ili kijisafishe, na mengi yana tangi la kimiminika cha AdBlue. Yalibuniwa kwa dizeli ya Ulaya ambayo salfa yake haizidi sehemu 10 kwa milioni. Afrika Mashariki ilishusha kiwango chake mwaka 2015 hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa na ya kupongezwa, lakini 50 si 10. Ongeza kwamba kazi yake hapa itakuwa kupeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi. Kichujio kikiziba, taa ya manjano ikawaka, ni fundi gani Morogoro atakayekuwa na mashine ya kulisoma gari hilo?

Vipuri navyo ni hivyo hivyo. Barabara zetu zimejaa magari yaliyotumika kutoka Japani, na maduka ya vipuri, mafundi na hata vijana wa kubadilisha mafuta wamejifunza kwa magari hayo. Msidhani jina la Toyota linatosha. Toyota Aygo, kwa mfano, lilitengenezwa Jamhuri ya Czech kwa ajili ya Ulaya. Ni Toyota, lakini si lile ambalo muuza vipuri wa Kariakoo analifahamu kwa kufumba macho. Na gari ambalo vipuri vyake ni vya kuagiza halipati mnunuzi kwa urahisi siku mtakapotaka kuliuza.

Angalieni na urefu wake kutoka ardhini. Mtaa wenu una lami hadi mlangoni, au kuna korongo ambalo mvua za masika hulichimba upya kila mwaka?

Halafu jiulizeni mtalihitaji gari kiasi gani. Morogoro ya leo si ile mliyoiacha. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Safari za kwenda Dar kushughulikia karatasi au kumpokea baba si lazima ziwe za gari. Kwa miezi ya kwanza, bajaji ya mtu mnayemwamini, mliyekubaliana naye kwa mwezi, inaweza kuwapeleka watoto shule huku mkitafuta gari bila pupa.

Fedha zinapofungiwa baharini

Nimeliacha hili mwisho wa hesabu kwa sababu ndilo linaloumiza. Miezi mitatu ya kwanza ya kurudi ina matumizi ambayo hakuna anayewatajia. Ada inatakiwa mapema. Sare. Kuunganisha maji. Mlango uliolika mchwa. Mgonjwa wa ukoo ambaye alikuwa akiwasubiri mfike. Na mshahara wa pauni wa mama umekoma.

Familia iliyosafirisha gari inaingia miezi hiyo fedha zake zikiwa ndani ya gari: nauli imelipwa, wakala anadai, na gari halijatoka. Huwezi kukata mlango mmoja wa gari ukalipie ada. Lakini familia iliyouza gari ina fedha mkononi, na inaamua yenyewe kipi kianze.

Utaratibu wangu ni huu. Tengeni kwanza ada ya mwaka. Pili, matibabu. Tatu, matumizi ya nyumbani ya miezi sita. Kinachobaki ndicho cha gari. Kama hakitoshi, mnasubiri. Kusubiri gari si aibu.

Kwa familia hii ninasema nini?

Msilisafirishe. Mama anakuja kabla ya mwenye gari, mkopo haujaisha, na gari ni la dizeli ya Ulaya. Kila moja ya sababu hizo ingetosha kunitia shaka, na ninyi mnazo zote tatu.

Baba aendelee kulitumia hadi mkopo uishe, kisha aliuze akikaribia kuondoka. Akiliuza na kuwaarifu DVLA, hurudishiwa kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki. Fedha hizo aje nazo.

Lakini sisemi kila anayerudi auze. Kusafirisha kuna maana pale ambapo gari ni lenu bila deni, mmelitumia zaidi ya mwaka mmoja, mwenye jina ndiye anayehama, umri wake haujafika miaka minane, ni la petroli na la aina ambayo mafundi wa mji mnaokwenda wanaijua, na mnajaza kontena kwa vyombo vingine. Kama gari limebadilishwa kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu, kwa mfano lina njia ya kiti cha magurudumu, hesabu inabadilika pia, kwa sababu la namna hiyo kulipata hapa ni kazi. Mkisafirisha, mwarifuni DVLA kwamba gari linatoka moja kwa moja, na kitabu chake mje nacho.

Mkinunua hapa

Kununua hapa nako kuna mitego. Namba ya chesi kwenye gari, kwenye kadi ya gari na kwenye mfumo wa TRA zilingane. Jina kwenye kadi liwe la mtu anayewauzia, si la "kaka yangu yuko safari". Angalieni kwa namba ya gari kama lina deni la faini za barabarani katika mfumo wa polisi, maana mtalirithi. Nendeni na fundi wenu, si fundi wa dalali. Lipeni kwa benki, si kwa bahasha. Na badilisheni umiliki mara moja. Msiendeshe mwaka mzima kwa jina la mtu mwingine.

Kaka yako wa Dar anaweza kusaidia, lakini mwandikieni kwa uwazi kiasi cha juu cha bei na mambo msiyoyataka. Ndugu wengi wamegombana si kwa sababu mmoja aliiba, bali kwa sababu mmoja alichagua.

Na wanaoondoka?

Kwa wazazi mnaokwenda nje, jibu langu mara nyingi ni fupi zaidi: uzeni. Oman na nchi nyingine za Ghuba wanaendesha kulia na usukani uko kushoto. Marekani kwa kawaida haipokei gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake mpaka litimize miaka 25, na Canada miaka 15. Uingereza ina msamaha kwa anayehamia, ukiwa umeishi nje angalau miezi 12 na gari umelimiliki na kulitumia miezi sita, lakini nauli ya kupeleka Toyota iliyotumika kwenye nchi yenye magari tele yaliyotumika ni fedha ya kutupa. Leseni ya Tanzania au Kenya mtaitumia huko miezi 12 tu, kisha mfanye mtihani.

Na msimwachie shemeji gari "alitunze" bila kuandikishana nani analipa bima, nani analipa faini, na likigonga mtu inakuwaje. Kadi ikiwa na jina lako, simu itakufuata hata uwe Toronto.

Kilicho cha kubeba

Kama kuna kitu cha gari ambacho ningependa kila familia inayorudi ikibebe, ni viti vya watoto. Uingereza sheria inamtaka mtoto akae kwenye kiti chake hadi atimize miaka 12 au afike urefu wa sentimita 135, kinachotangulia. Watoto wenu wamekua wakijua kwamba gari haliondoki kabla mkanda haujafungwa. Hapa watakuta wenzao wamesimama katikati ya viti, na shangazi atasema, "Mwache mtoto apumue." Msikubali. Ulizeni shirika lenu la ndege, mengi hupokea kiti cha mtoto kama mzigo bila malipo, kisha kifungeni kwenye gari lolote mtakalopanda, liwe lenu, la babu au la kukodi.

Mama mkwe naye apigiwe simu na mwanawe mwenyewe, aelezwe kwa heshima kwamba fedha za gari zimelipa ada za wajukuu. Wazee wetu wanaelewa hesabu ya namna hiyo, mradi waelezwe mapema na mtoto wao, wasiisikie kwa majirani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.